Kelele za Tangi la Samaki: Tafuta Hewa Kwanza

Pampu hulaumiwa bure. Tangi la samaki lenye tangi la kuchujia ndani ya kabati likikoroma usiku kucha, mara nyingi mkosaji ni bomba la kushushia maji: linameza hewa pamoja na maji. Likijaa maji matupu, hulisikii.

Mwenye bomba moja hawezi kuimaliza hewa, ila anaweza kuitawala. Katika mtindo wenye jina la Richard Durso, kichwa cha bomba huvikwa elbo inayotazama chini, mdomo wake ukiwa ndani ya maji, na juu yake hutobolewa kitundu cha hewa. Kitundu kikiwa kidogo mno, bomba huvuta maji kwa kishindo, likameza hewa, likaanza upya, kama choo kinachovutwa kila mara. Kwenye kitundu hicho tumia kimrija chenye koki ndogo, ukirekebishe kwa sikio.

Mabomba mawili ndiyo dawa hasa. Mtindo huu huitwa Herbie. Bomba kuu hufungwa vali ya geti, ile ya kuzungusha. Koki ya mpini hairuhusu marekebisho madogo. La pili ni la dharura: mdomo wake uko juu zaidi, nalo halifungwi vali hata kidogo. Fungua vali yote, washa pampu, kisha punguza polepole mpaka maji yapande kwenye kisanduku cha kufurikia, kile chenye midomo ya mabomba haya, na kufunika mdomo wa bomba kuu. Zungusha kidogo tu, halafu subiri dakika kadhaa. Maji huchelewa kutulia, na wenye pupa hukesha wakikimbizana na vali. Maji machache yakichuruzika kwenye bomba la dharura, yaache. Yanasaidia kusawazisha kina.

Maji yakianguka kwa kishindo ndani ya kisanduku chenyewe, pandisha kina chake. Kule chini, kwenye tangi la kuchujia, ncha ya bomba izame sentimita 2 au 3 tu. Ikizama sana, hewa hushindwa kutoka pampu inapowaka.

Kabla ya kuliamini tangi, ziba bomba kuu kwa makusudi ukiwa umesimama hapo, uone kama la dharura linabeba maji yote. Konokono mmoja anatosha kuliziba bomba kuu. Kisha zima umeme: tangi la chini lazima lipokee maji yanayorudi bila kufurika, na umeme ukirudi, bomba lianze lenyewe bila kuguswa.