Yaya Katika Nyumba Mpya

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa hakuna mkulima atoaye korosho au ufuta wake kwa mazoea tu. Magunia hupimwa katika chama cha msingi, karatasi huandikwa, kisha mali huuzwa mnadani chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Kilo mbili zikipungua, mwenyewe hudai. Lakini mkulima huyo huyo akimtoa binti yake kwenda kulea watoto wa watu mjini, hapana kinachopimwa wala kinachoandikwa. Husemwa tu, “Mchukue, mtaelewana mbele ya safari.” Na mara nyingi hawaelewani.

Jambo hili lagusa nyumba zetu za pande zote mbili: zile zitoazo mayaya na zile zinazowaajiri. Basi tulitazame vizuri.

Ugomvi huanzaje?

Tuchukue mfano. Nachingwea ni mji wa watu wa uhamisho: walimu, waganga, maofisa, askari. Mwalimu ahamishwa, na mke wake amkabidhi yaya kwa jirani aliyefika juzi. Katika nyumba ya kwanza yaya alipata mshahara kila mwisho wa mwezi, Jumapili ilikuwa yake, na nguo za watu wazima hazikuwa kazi yake. Mama mpya hakuambiwa hayo. Yeye aona kwamba msichana alaye na kulala kwake amekwisha kulipwa nusu.

Mwezi wa kwanza yaya apika, achota maji, afua nguo za wote, na usiku alala na mtoto mchanga. Mwezi wa pili chupa ya chai yavunjika, na bei yake yakatwa. Mwezi wa tatu aambiwa kwamba fedha zake zatunzwa mpaka atakaporudi kwao Ruangwa wakati wa korosho. Yaya anung’unika, mama amwita mkaidi. Asubuhi moja chumba ki kitupu, na mtoto hana mlezi.

Ni nani mwenye kosa? Kosa la mwanzo ni la wote wawili, maana hawakupatana. Mapatano ya nyumba ya kwanza hayamfungi mwenye nyumba ya pili. Lakini yaliyofuata si kosa la wote sawasawa.

Sheria yasemaje?

Wengi hudhani kwamba kazi ya nyumbani haina sheria. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humhesabu yaya kuwa mfanyakazi kama wengine.

Kwanza, mwajiri hana budi kumpa maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, kwa malipo gani. Asiyesoma aelezwe kwa lugha anayoielewa. Ikitokea kesi na karatasi haipo, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri.

Pili, saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma, na kila juma kuna mapumziko ya saa 24. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo.

Tatu, mshahara ni wa yaya mwenyewe, nao hulipwa siku waliyopatana. Kuuweka bila ridhaa yake, au kuukabidhi kwa mjomba aliyemleta, si kumtunzia.

Nne, chombo kilichovunjika hakikatwi ovyo. Lazima kosa liwe lake, hesabu iandikwe, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Tano, mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Kuhusu kiasi, Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha Sh. 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumba ya kawaida alalaye kwa mwajiri, na Sh. 120,000 kwa asiyelala hapo. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara. Kwa hiyo anayeajiri leo aulize Ofisi ya Kazi kiwango cha sasa.

Lakini alikubali mwenyewe!

Hili ndilo jibu la wengi. Papa Leo XIII alilijibu mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum: mtu akikubali malipo haba kwa kusukumwa na shida, ukubali huo haufanyi malipo kuwa ya haki. Wengine husema, “Mshahara wetu wenyewe ni mdogo.” Ni kweli kwa wengi. Lakini asiyeweza kulipa mwezi mzima, afadhali atafute msaada wa saa chache na kulipa saa hizo, kuliko kumweka binti wa mwenzake kwa ahadi.

Yafaa kufanya nini?

Siku ya kwanza, kabla mzigo haujafunguliwa, wakae pamoja: mwajiri, yaya, na mzazi au ndugu yake. Waandike nakala mbili: kazi zake, saa za kulala na kuamka, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe yake, nauli ya kurudi. Kisha pawe na daftari, na kila mwezi wote wawili watie sahihi.

Yaya naye ana wajibu. Asimwache mtoto peke yake na kutoroka. Aliyeajiriwa kwa mwezi hutoa taarifa ya siku 28, au siku 7 akiwa bado katika mwezi wa kwanza. Na mwajiri amtakaye aondoke hutoa vivyo hivyo.

Ugomvi ukitokea, wazungumze kwanza. Wakishindwa, iko Ofisi ya Kazi, na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asichelewe: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kulalamika, na madai mengine yana siku 60.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzazi wa Ruangwa aliyepewa karatasi kwa ajili ya ufuta wake, adai karatasi pia kwa ajili ya binti yake. Nawe mama wa nyumba mpya, umkabidhiye mtoto wako kutwa nzima, usione uzito kumkabidhi naye haki yake mwisho wa mwezi.