Bayana ya Mtoto Kuwa Mume au Mke, na Kwamba Mama Yake Hana Lawama

Ni ada iliyoenea ya kwamba mtoto azaliwapo, kabla ya kuulizwa hali ya mama yake, huulizwa kwanza: ni mume au ni mke? Jawabu likiwa ni mume, hupigwa vigelegele na baba akapewa mkono. Likiwa ni mke, na khasa akiwa ni wa tatu au wa nne, wako waume ambao nyuso zao hukunjamana, wakahama chumba, wakapeleka maneno kwa wakwe kwamba tumbo la binti yao ni la wanawake tu. Wengine wamefika hata kutoa talaka, au kuoa mke wa pili si kwa haja nyingine illa kutafuta mwana. Basi yapasa jambo hili litazamwe kwa elimu: ni nini kimfanyacho mtoto awe mume au mke, na je, mama ana mkono katika hilo?

Wahenga wa Kiyunani walisema mengi. Anaxagoras alidai ya kwamba mume hutoka upande wa kulia na mke upande wa kushoto. Aristotle aliitia sababu katika joto, kwamba likizidi huwa mume na likipungua huwa mke. Kisha akapokea kwa wachungaji khabari za pepo, kwamba upepo wa kaskazini huleta madume na wa kusini huleta majike. Mtu wa pwani atacheka, kwani kwake kaskazi ndiyo yenye joto na kusi ndiyo yenye baridi, na watoto wa namna zote mbili huzaliwa katika misimu yote miwili.

Walakini neno la joto si la kutupwa lote. Kasa atagaye mchangani ni mfano: mayai yaliyofukiwa katika mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, na yaliyo katika mchanga wa baridi hutoa madume, na mpaka wake ni karibu na digrii 29. Ama mwanadamu hana hukumu ya kasa. Sababu yake ni nyingine, nayo ilidhihiri mwaka 1905, wakati Nettie Stevens, mwanamke mtaalamu wa Marekani, alipotazama kwa darubini mbegu za dume la mdudu wa unga, akaziona ni za namna mbili, zisizolingana. Mwaka huo huo Edmund Wilson, naye wa Marekani, alifika pale pale kwa njia yake.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya chembe za mwili wa mwanadamu mna nyuzi 46 zionekanazo kwa darubini tu, ziitwazo kromosomu, nazo ni jozi 23. Jozi moja ndiyo ya ume na uke: mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Kwa hivyo yai la mama lina X tu, halina jingine la kutoa. Manii ya baba ndiyo yenye mbegu za namna mbili, za X na za Y, takriban nusu kwa nusu. Ikiingia ya X katika yai, ni binti. Ikiingia ya Y, ni mwana. Mwaka 1990 wataalamu wa London walikipata katika hiyo Y kipande kidogo wakiitacho SRY, nacho ndicho kianzishacho maumbile ya kiume. Kabla ya juma la sita hivi viungo vya uzazi vya mimba zote mbili huwa sura moja. Hiyo ndiyo kanuni, na yatokayo nje yake ni nadra.

Basi mwenye kumwambia mkewe kwamba hakumzalia mwana, amemdai kitu ambacho yeye mwenyewe hakumpa. Na akienda kuoa mke wa pili kwa ajili hiyo, huenda na mbegu zile zile.

Wako watakaosema: mbona hadithi ya Thawban katika Sahihi ya Muslim yataja maji ya mume na maji ya mke, na lipi likishinda huwa nini? Jawabu ni kwamba hadithi hiyo, pande zote mbili, imefungwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, wala hamna ndani yake neno moja la kumlaumu mke. Na katika Suratu Shura kutoa mabinti na kutoa wana kumetegemezwa kwa kupenda kwake Mola, tena mabinti wametajwa mbele. Haifai kuzikokota aya nyuma ya kila kitabu kipya cha tabibu. Yatosha kuwa hapa zimeondoa mkono wa mama na mkono wa baba pamoja. Kwani baba naye, ingawa mbegu ni yake, hakuichagua.

Kwamba hakuichagua, hesabu yashuhudia. John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alikusanya daftari za watoto waliobatizwa London kwa miaka 82, tangu 1629 hata 1710, akakuta kila mwaka wana wamezidi mabinti kidogo, hapana mwaka hata mmoja uliogeuka. Hata leo kadiri ya kawaida ni wana 105 kwa mabinti 100. Ziko sababu zisogezazo hesabu hii, lakini ni kwa unywele tu: baada ya vita vikuu viwili vya karne ya 20, katika nchi kadhaa za Ulaya zilizopigana, wana waliozaliwa walizidi kidogo kuliko ada. Ama siku za kukutana mume na mke, ambazo watu huzihesabu kwa vidole, uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1995 haukuona kuwa zabadili chochote katika kuwa mwana au binti. Na mwenye mabinti wanne mfululizo asidhani ana laana: katika nyumba 16 zenye watoto wanne wanne, yatarajiwa kwa kadiri moja iwe ya mabinti watupu, na mtoto wa tano bado ni nusu kwa nusu, kana kwamba hakuzaliwa mtu kabla yake.

Al-Jahiz, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, amepokea kisa cha Mwarabu mmoja, Abu Hamza, aliyelihama hema la mkewe kwa kuwa amezaa binti, akawa analala kwa jirani. Siku moja akipita alimsikia mkewe akimrusharusha mtoto na kumwimbia, na maana ya wimbo ni malalamiko kwamba anakasirikiwa kwa zao ambalo mbegu yake si yake. Abu Hamza akaingia hemani, akambusu mkewe na bintiye. Bedui yule hakuwa na darubini, alikuwa na insafu tu.

Na nani aliyepewa mtihani huu kuliko Mtume S.A.W.? Wanawe Kasim, Abdallah na Ibrahim walikufa wadogo, na maadui wa Makka wakamsema kuwa amekatikiwa. Nasaba yake imebakia kwa binti, Fatima. Masharifu wa Lamu, wa Unguja na wa Hadhramaut, ambao watu huinama kuwabusu mikono, wote ni watoto wa binti huyo. Atakayenuna kwa kuzaliwa binti naatazame amebusu mkono wa nani.

Imebaki khabari ya wauzao kombe na hirizi za kupata mwana. Katika fikihi yetu ya Shafii sharti mojawapo ya biashara ni muuzaji aweze kukikabidhi akiuzacho, na huyu hawezi. Walakini baadhi yao ni werevu: husema, akizaliwa binti fedha zitarudishwa, na watu wakaona hiyo ni alama ya ukweli. Na ihesabiwe. Katika wake 100 wanywao kombe lake, kiasi cha 51 watazaa wana kwa ada ile ile ya viumbe wote, na fedha zao atazila. Hao 49 atawarudishia zao, hakupungukiwa na kitu illa wino na maji, naye atasifiwa mji mzima kuwa ni mwaminifu.