Mjumbe wa Uzazi Hutoka Kichwani

Wafugaji wa kambare wanaijua shida hii. Kambare jike amejaa mayai, lakini bwawani hatagi. Mtoni yeye hungoja mvua na maji ya mafuriko. Basi wafugaji humchinja kambare mwingine aliyekomaa. Hutoa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huisaga katika maji ya chumvi, kisha humchoma jike sindano ya maji hayo. Akichomwa jioni, na maji ya bwawa yasiwe baridi, asubuhi mayai huwa tayari.

Kwa nini dawa ya mayai itoke kichwani? Kwa sababu uzazi huanzia huko. Ubongo hutoa homoni, yaani mjumbe. Mjumbe huiamsha tezi hiyo. Tezi nayo hutoa homoni zake, ambazo husafiri katika damu mpaka kwenye mayai ya jike au korodani za dume. Sisi watu pia tunayo tezi hiyo. Ni kubwa kama punje ya mbaazi.

Mwaka 1971 Andrew Schally na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi mjumbe wa ubongo wa nguruwe alivyoundwa. Ni kama shanga 10 kwenye uzi mmoja. Mjumbe wetu ana shanga zile zile, zote 10. Tusione haya. Wa kuku anatofautiana na wetu kwa ushanga 1. Wa kambare kwa shanga 2 tu. Tumemrithi sote kutoka kwa samaki wa kale, walioishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Mjumbe huyu bado hungoja wakati wa kufaa. Mwanamke akikaa na njaa kali muda mrefu, hedhi huweza kukatika. Na mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupunguza kumtuma mjumbe.

Mwaka jana mama mmoja alinijia analia. Mtoto alikuwa na miezi 4, hedhi haijarudi, na mama mkwe anasema amerogwa, hatazaa tena. Hakurogwa. Alikuwa ananyonyesha usiku na mchana, bila kumpa mtoto chakula kingine. Katika hali hiyo, kwa miezi 6 ya kwanza, kati ya wanawake 100 hawafiki 2 wanaopata mimba. Lakini mtoto akianza uji, au hedhi ikirudi, au miezi 6 ikitimia, usiitegemee tena kinga hiyo. Nenda kliniki. Mimba huweza kuingia hata kabla hujaiona hedhi.

Kesho yake alirudi na mama mkwe wake. Wakataka nianze upya, tangu kwa kambare.