UGONJWA WA WACHACHE NAO HUTAFUTIWA DAWA



Magonjwa mengi ya kifua tunayafahamu. Tunaijua pumu. Tunakijua kifua kikuu. Lakini yako magonjwa ya mapafu yanayowapata watu wachache sana duniani. Leo tutajifunza juu ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo. Tutaona dawa yake ilivyotafutwa, na fedha za kazi hiyo zilitoka wapi.

Ugonjwa wenyewe

Jina lake la kitaalamu ni refu mno. Madaktari hulifupisha na kuuita LAM. Huwapata karibu wanawake peke yao, hasa wenye umri wa kuzaa. Katika wanawake milioni moja, wagonjwa wanaojulikana ni wachache tu.

Fikiria sega la nyuki. Lina vijumba vidogo vidogo vya kuwekea asali. Mapafu nayo yana vifuko vidogo vidogo vya hewa. Katika LAM, chembe zisizo za kawaida huenea ndani ya mapafu. Vifuko hubomoka, yakabaki mashimo. Mgonjwa hukosa pumzi akipanda mlima au akibeba ndoo ya maji. Wakati mwingine pafu hutoboka, hewa ikavujia kifuani. LAM hauambukizi. Mgonjwa asitengwe.

Kwa nini dawa ilichelewa?

Mwenye duka haagizi bidhaa inayotakiwa na mtu mmoja tu kijiji kizima. Kiwanda cha dawa nacho huhesabu wanunuzi. Tena daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote asimwone mgonjwa wa LAM hata mmoja. Atajifunzaje?

Mama mmoja aanza kazi

Mwaka 1995, katika mji wa Cincinnati, Marekani, mama aitwaye Sue Byrnes alianzisha chama cha kupambana na LAM. Binti yake alikuwa amepatikana na ugonjwa huo. Chama kilifanya kazi tatu. Kwanza, kiliwatafuta wagonjwa waliotawanyika na kuwakutanisha. Pili, kilichangisha fedha kutoka kwa familia, ndugu na marafiki. Tatu, kiliwaomba wataalamu waufanyie ugonjwa huu utafiti.

Serikali ya Marekani nayo ilitoa fedha. Kati ya mwaka 1998 na 2001, wanawake 230 waliandikishwa katika daftari moja na kupimwa mapafu. Sasa wataalamu waliweza kuona mwenendo wa ugonjwa.

Mwaka 2000 watafiti waligundua kasoro katika jeni za chembe zile. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Jeni yenye kasoro ilitakiwa kufanya kazi kama breki ya baiskeli: kuzuia chembe zisikue ovyo. Breki ikikatika, chembe hukua na kuenea.

Dawa kutoka udongoni

Ilitakiwa dawa ya kushika nafasi ya breki hiyo. Kumbe ilikuwapo tayari. Mwishoni mwa mwaka 1964, wataalamu kutoka Kanada walikwenda kisiwa cha Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki. Walichukua udongo wa huko. Baadaye, ndani ya udongo huo kilipatikana kijidudu kinachotengeneza dawa iitwayo sirolimasi. Tangu mwaka 1999 dawa hiyo ilitumika Marekani kwa watu waliopandikizwa figo. Waliochota udongo ule hawakuwa wakiuwaza ugonjwa wa LAM.

Dawa yapimwa

Mkulima anayetaka kujua kama mbolea inafaa hugawa shamba. Upande mmoja huweka mbolea, upande wa pili haweki. Kisha hulinganisha mavuno. Watafiti nao walifanya hivyo. Wanawake 89 wa Marekani, Kanada na Japani walikubali wenyewe kushiriki. Wanawake 46 walipewa sirolimasi. Wanawake 43 walipewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa anameza vipi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Wasiopata dawa, hewa waliyoweza kupuliza kwa sekunde moja ilipungua kwa wastani wa mililita 12 kila mwezi. Hizo ni zaidi kidogo ya vijiko viwili vya chai. Waliopata dawa, hewa yao haikupungua. Lakini walipoacha dawa baada ya mwaka mmoja, mapafu yalianza kudhoofika tena. Basi dawa hii haimalizi ugonjwa, bali huuzuia. Nayo ina madhara, kama vidonda vya mdomo na kuharisha. Hutumiwa kwa amri ya daktari tu.

Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa LAM. Tangu chama kianzishwe, ilikuwa imepita miaka 20.

Tunajifunza nini?

Dawa hupatikana kwa fedha, kwa subira, na kwa wagonjwa wanaokubali kupimwa. Wale wanawake 43 waliomeza vidonge visivyo na dawa waliwasaidia wagonjwa wote waliokuja nyuma yao.

Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nenda zahanati upimwe kifua kikuu. Ukitibiwa na pumzi ikaendelea kukusumbua, rudi. Usikae nyumbani ukisema umerogwa. Itunze kadi yako ya matibabu, kwa maana humwonyesha daktari safari ya ugonjwa wako.

Siku moja watafiti wanaweza kufika kijijini kwako. Waulize: Mnatafuta nini? Kuna hatari gani? Ninaweza kukataa au kuacha katikati? Unayo haki ya kujibiwa, na unayo haki ya kukataa. Usitie dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Sasa unajua kusoma. Isome kwanza, kisha uamue.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini viwanda vya dawa huchelewa kushughulikia ugonjwa wa watu wachache?
2. Kwa nini baadhi ya wanawake walipewa vidonge visivyo na dawa?
3. Mtafiti akija kijijini, mtamwuliza nini?