Siki na Magadi: Vidokezo kwa Mzazi Mkristo Anayefundisha Kemia Nyumbani

Mwanao wa kidato cha pili anasomea nyumbani, na wewe kemia uliagana nayo zamani. Tulia. Jiko unalo.

1. Anzia Mithali 25:20. Anayemwimbia mwenye majonzi anafananishwa na siki iliyomwagwa juu ya magadi. Kwa nini siki? Msimpigie mchungaji, tieni kijiko cha magadi kwenye jagi, mmimine siki. Povu litafoka: hiyo ni kaboni dioksaidi. Likitulia, inamisheni jagi polepole juu ya mshumaa unaowaka, siki isidondoke. Mshumaa utazimika bila kuguswa, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Sasa aandike mlinganyo na kuusawazisha: Na₂CO₃ + 2CH₃COOH → 2CH₃COONa + H₂O + CO₂. (Magadi ya ziwani yana bikaboneti pia. Akiligundua hilo mwenyewe, mpe andazi.)

2. Usibandike aya kila ukurasa. Moli ni moli, hata kwa asiyesali.

3. Matokeo yasipikwe. Kipimo cha kwanza kikitoa mililita 24.1 na cha pili 25.3, viandikwe vyote viwili, kisha arudie. Amri ya kutoshuhudia uongo haiishii mahakamani. Kwangu mimi, hapa ndipo Ukristo wa somo hili ulipo, kuliko sala ya kufungulia kipindi.

4. "Ndivyo Mungu alivyoumba" si jibu la kwa nini barafu huelea. Maji yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa kuachiana nafasi, barafu ikawa nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule. Akishaelewa, imbeni hata pambio.

5. Msimulie habari za watu, na usiwapake rangi. Robert Boyle, aliyetoa The Sceptical Chymist mwaka 1661, aligharamia uchapishaji wa Biblia ya Kiairishi. Joseph Priestley, aliyetenga oksijeni mwaka 1774, alikuwa mchungaji, lakini aliukana Utatu. Mwambie yote mawili.

6. Jiki isikutane kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa klorini, na klorini huunguza mapafu.

7. Mtihani utakuja kwa Kiingereza. Hata hivyo aeleze kwanza kwa Kiswahili. Asiyeweza kumweleza bibi yake asidi ni nini amekariri tu.

8. Titresheni, yaani kupima asidi kwa besi tone kwa tone, haifanyiki kwa vikombe vya chai. Ulizeni mapema kituo cha mtihani vitendo vitakuwaje, kisha ombeni seminari ya jirani maabara yao Jumamosi moja moja. Nendeni na sabuni, mwoshe vyombo vyao kabla ya kuondoka.