HISTORIA: MAREKANI NA INCHI YETU, NAMNA YA KUJITAYARISHA KWA EGZETATI



Mara nyingi munatuletea ulizo hili: "Mwalimu, juu ya nini tujifunze mambo ya Marekani na sisi tuko hapa Kiwanja?" Ulizo ni la haki. Tunalijibu hapa kwa urefu kidogo, kwa maana siku za Egzetati zinakaribia na tumekwisha kuona kaye za wengi. Kaye zimejaa tarehe: 1884, 1890, 1908, 1945, 1960, zimepangwa kama bei za soko, na mwenye kaye hajui kwa sababu gani jambo moja lilifuata lingine. Mutu wa namna hii akiulizwa kwa njia ingine kidogo tu, anapotea.

Basi leo hatutawapa orodha ingine. Tutachukua habari moja, Marekani na Kongo, kwa sababu inapita katikati ya ukoloni, vita vya dunia, Uhuru na vita baridi. Anayeishika vizuri amekwisha kushika sehemu kubwa ya kazi.

Kwanza mujue namna wenzenu wa kule wanavyofanya. Marekani, wanafunzi wa sekondari wenye kupenda wanaweza kufanya egzame ya juu ya historia ya inchi yao, kila mwaka katika mwezi wa tano. Inadumu saa 3 na dakika 15. Kuna maulizo 55 ya kuchagua jibu, kisha maulizo ya kuandika, na alama inatoka 1 mupaka 5. Sehemu inayowaogopesha njo hii: wanapewa hati 7, pengine barua, hotuba, picha au kipande cha gazeti, na wanapaswa kujibu ulizo kubwa kwa kutumia zile hati. Kukariri hakusaidii hapo. Kila hati inaulizwa: nani aliandika? Wakati gani? Alimuandikia nani? Alitaka nini?

Egzetati yetu, iliyoanza mwaka 1967, haina sehemu ile. Kwetu kuna disertasio mbele, halafu siku zile 4 za kuchagua jibu, na historia inakaa ndani ya kilture jenerale pamoja na jeografia. Wengine wanasema: "Kama ni kuchagua tu, hati ya nini?" Hapana. Anayetunga ulizo la kuchagua anatafuta majibu ya uongo yanayofanana na kweli. Anayejua sababu anautambua uongo upesi. Anayejua tarehe peke yake anaona namba tupu.

Tuanze sasa. Tarehe 22 Aprili 1884, Marekani ilikuwa inchi kubwa ya kwanza kutambua bendera ya Association Internationale du Congo, njo kusema ule ushirika wa Mufalme Leopold II. Mukutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Muhesabu: Washington ilitangulia Berlin kwa karibu miezi 7. Wengi wanajibu kwamba Leopold alipata yote kule Berlin, na hapo wanapoteza alama.

Kwa nini Marekani iliharakisha? Henry Shelton Sanford, aliyekuwa zamani balozi wa Marekani Ubelgiji, alikuwa anamufanyia Leopold kazi kule Washington, akiahidi biashara huru. Na Seneta Morgan wa Alabama alikuwa na wazo lake: utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, na yeye alitaka Weusi waliofunguliwa watafutiwe mahali katika Afrika. Mutu mumoja alitafuta soko, mwingine alitafuta namna ya kuwaondoa watu asiowapenda. Mukijua hayo mawili, tarehe itakaa yenyewe katika kichwa.

Sasa tufanye zoezi la hati kama wale wa Marekani. Hati yetu ni barua ya wazi ambayo George Washington Williams alimuandikia Leopold II, tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, njo Kisangani ya leo.

Nani aliandika? Mumarekani mweusi, aliyepigana akiwa kijana katika vita vya kukomesha utumwa, kisha akawa muchungaji, na mwaka 1882 akatoa kitabu kikubwa cha historia ya Weusi wa Marekani. Ni mutu aliyezoea kupima ushahidi. Tena muangalie jambo hili: mwaka 1889 alikutana na Leopold na akamusifu. Hakuja Kongo akiwa adui. Mashitaki ya mutu aliyekuja na imani nzuri yana uzito kupita ya yule aliyechukia tangu mwanzo.

Wakati gani? Miaka 5 tu baada ya Berlin, mbele ya mambo ya mupira kufika kilele chake. Kwa hiyo musiandike kamwe kwamba Williams alishitaki juu ya mikono iliyokatwa kwa ajili ya mupira. Yeye alishitaki udanganyifu uliofanyiwa wafalme wetu ili watoe udongo, askari waliokula kwa nguvu vyakula vya wenyeji, vijiji vilivyochomwa, watu waliofanywa watumwa. Anaeleza hata ginsi wazungu walivyoficha betri ya umeme ndani ya mukono wa koti, ili mufalme akipewa mukono atetemeke na kuamini kwamba muzungu ana nguvu kupita mutu.

Alimuandikia nani? Leopold, ndiyo, lakini barua ya wazi inaandikwa ili wengine waisome pia. Leopold ni jina la juu ya bahasha. Wasomaji aliowatafuta ni watu wa Ulaya na Marekani. Na alitaka nini? Alitaka tume ya inchi nyingi ije kuchunguza. Katika barua ingine ya mwaka ule ule, kwa waziri wa mambo ya inje wa Marekani, alitumia maneno ya makosa juu ya ubinadamu, ambayo dunia ingeyazoea baadaye sana. Alikufa mwaka 1891 huko Uingereza, na wenye nguvu hawakumusikiliza.

Mwenzake anayepaswa kukaa karibu naye katika kaye zenu ni William Sheppard, Mumarekani mweusi vilevile, mumisionere wa Wapresbiteri. Alifika Kongo mwaka 1890 pamoja na Samuel Lapsley aliyekuwa muzungu, na mwaka 1891 wakaanza kazi Luebo katika Kasai. Mwaka 1899 Sheppard aliingia katika kambi moja ya washambulizi na kuhesabu mikono 81 ya watu, imekaushwa juu ya moto. Hii sasa njo habari ya kazi ya nguvu na mupira. Mwaka 1908 aliandika juu ya mateso ya Wakuba katika gazeti dogo la misioni, si kubwa kupita hili munaloshika, na Kampuni ya Kasai ikamushitaki. Aliamuliwa Léopoldville mwaka 1909 na akashinda. Aliyemutetea, Emile Vandervelde, alitoka Ubelgiji. Katikati ya ile makala na ile hukumu, tarehe 15 Novemba 1908, Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold na kuwa koloni ya Ubelgiji. Hapo njo mahali pa mutego: makala iliandikwa chini ya Leopold, hukumu ilifanyika chini ya Ubelgiji.

Tuje karibu na nyumbani. Wangapi kati yenu wanajua kwamba mbuga hii inayopakana na mashamba yetu ina mukono wa Mumarekani? Carl Akeley alitumwa na jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1921 aliua ngagi (sokwe wakubwa) katika milima yetu ili wakaonyeshwe kule, kisha akageuka na kuomba walindwe. Mufalme Albert I alikuwa ametembelea mbuga za Marekani mwaka 1919. Tarehe 21 Aprili 1925 Parc Albert ilianzishwa. Mwaka 1969 ikaitwa Virunga, na mwaka 1979 ikaandikwa kati ya urizi wa dunia wa UNESCO. Akeley alikufa mwezi wa Novemba 1926 akazikwa Kabara, chini ya Mikeno.

Hati za habari hii ni nyingi, lakini karibu zote ziliandikwa na wazungu. Wazee waliotolewa katika mashamba yao juu ya mbuga hawakuandika kitu. Kama babu au bibi yako anajua habari za wakati ule, umukalie karibu na kaye na biki. Hakuna kitabu kitakachokuuzia hayo, na ndovu anapoingia katika mahindi yenu utajua kwamba historia ile haijaisha.

Juu ya uranium tutasema kidogo, maana hapa munajua vizuri. Shinkolobwe iko Katanga. Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale mbele Marekani haijaingia vitani, na mwaka 1942 akawauzia askari wa Marekani. Bomu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitengenezwa sehemu kubwa na uranium ya kwetu. Tangu hapo Marekani haikutaka Kongo ianguke upande wa Warusi. Shikeni kamba hii, itawapeleka moja kwa moja mwaka 1960.

Uhuru ni tarehe 30 Juni 1960. Mwisho wa Julai, Lumumba alisafiri Marekani kuomba musaada. Rais Eisenhower hakukutana naye. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kennedy alikula kiapo tarehe 20 Januari 1961. Siku 3 tu. Basi anayeandika kwamba Lumumba alikufa chini ya Kennedy amekosa, na anayeandika kwamba Kennedy alimupokea amekosa mara mbili.

Halafu kuna lile jibu la njiani: "Wamarekani njo walimuua Lumumba." Tunaomba mulipime. Mwaka 1975 tume ya Senati ya Marekani, chini ya Seneta Church, ilionyesha kwamba CIA ilipanga mwaka 1960 kumuua kwa sumu, na sumu ililetwa kweli Léopoldville. Lakini tume ile haikupata ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika kuuawa kwenyewe. Waliompiga risasi walikuwa watu wa serikali ya Katanga, na Wabelgiji walikuwapo. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilisema kwamba mawaziri wengine wa Ubelgiji na Wabelgiji wengine wana daraka la kimaadili. Kupanga, kusaidia, kuua: ni maneno matatu mbalimbali. Katika disertasio, mwanafunzi anayeyatenganisha anaonekana mara moja, hata kama Kifaransa chake kina makosa.

Kuna tarehe zingine mbili zinazochanganya watu kila mwaka. Tarehe 24 Novemba 1964, maparashutisti wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alitwaa utawala. Siku ni moja, mwaka ni mbalimbali. Tena Mobutu alikuwa amekwisha kupokelewa na Kennedy kule Washington mwaka 1963, mbele ya kuwa rais. Andikeni mambo hayo matatu juu ya mustari mumoja, kwa makaa kwenye ukuta wa jiko kama karatasi imekosekana.

Sasa namna ya kujifunza. Tangu mwisho wa 2022, vita ilipofika tena hapa Kiwanja, siku nyingi za masomo zimepotea, na wengi walikimbia wakaacha kaye nyumbani. Kwa hiyo munakili masomo mara mbili, mutu na mwenzake, na kaye ya pili ikae katika nyumba ingine. Mujifunze wawili au watatu mbele ya jua kuzama, mumoja aulize "kwa nini?", mwingine ajibu bila kuangalia. Egzame inakuja kwa Kifaransa, basi mujue maneno yake: annexion, reconnaissance, sécession. Kuna wanaojua habari yote kwa Kiswahili na wanaanguka juu ya neno moja.

Na wale wanaouza majibu usiku, muwaache. Kopye za maulizo zina serie mbalimbali. Majibu ya serie moja katika ingine ni kelele tu. Mzazi aliyeuza mbuzi ili akulipie egzame hakuuza mbuzi juu ya kelele.

Mazoezi ya juma hili:

1. Panga kwa wakati: hukumu ya Sheppard, barua ya Williams, Parc Albert, Kongo kuwa koloni ya Ubelgiji.

2. Katika Aprili 1884 na Aprili 1925 Wamarekani wanaonekana katika historia yetu. Eleza kila mumoja alitaka nini.

3. Kwa mistari 10, kwa Kifaransa: Leopold angejibu nini kwa barua ya Williams, na ungemuomba ushahidi gani?

Mulete majibu kwa mwalimu wenu wa historia Ijumaa mbele ya saa ya mupira. Masahihisho yatabandikwa kwenye ubao siku ya kazi ya kwanza.