Kamera ya jirani ikichungulia ua wako

Mama mmoja wa Bulla Iftin anauliza: jirani amemaliza ghorofa lake, amefunga kamera nne, na moja imeelekea ndani ya ua wake. Humo ndimo anamopikia, anamofulia na, joto likizidi, anamolala na wanawe. Alipolalamika aliambiwa kila mtu ana haki ya kulinda mali yake. Je, ndivyo sheria isemavyo?

Nusu yake ni kweli. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mtu kufunga kamera nyumbani kwake. Na sisi wa Garissa hatuwezi kujifanya hatujui kwa nini watu wanazinunua. Shambulizi la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148, na woga ule haujatutoka. Juu yake kuna wizi wa kila siku: pikipiki, mbuzi, betri za sola. Mwenye lango ana haki ya kujua nani amelisukuma usiku.

Nusu iliyobaki ndiyo aliyofichwa mama huyu. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya mambo ya familia yake kutofichuliwa pasipo sababu. Na Ibara ya 20 inasema haki hizo zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Kwa hiyo jirani naye anaweza kushtakiwa kwa kuivunja faragha yako.

Wenye kamera hupenda kujificha nyuma ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu hicho kinaachilia data inayoshughulikiwa na mtu kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Uzito wote uko kwenye hilo neno “tu”. Kamera inayoona lango lako, veranda yako na gari lako inabaki ndani ya nyumba yako kisheria. Ikivuka ukuta na kurekodi watu wa ua wa pili, ni vigumu kuiita shughuli ya nyumbani, kwa sababu nyumba inayorekodiwa si yako.

Hoja hii imeshapimwa mahakamani. Huko Ulaya, mtu mmoja wa Jamhuri ya Cheki alivunjiwa madirisha mara kadhaa, akafunga kamera iliyoona pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya mkabala. Washukiwa walitambuliwa kwa picha zake. Hata hivyo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 11 Desemba 2014 kwamba kamera inayorekodi njia ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa ya nyumbani tu, ingawa ilikiri kwamba kulinda mali ni sababu halali inayopaswa kupimwa. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Garissa, lakini sheria yetu imechota mengi kutoka ya Ulaya. Na hapa kwetu, Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2023 iliamua kesi ya majirani wawili waliogombania kamera, ikaona kuwa faragha ya mlalamishi imeingiliwa.

Mimi nasema Garissa jambo hili ni zito kuliko Nairobi. Kamera ya mtaa wa Nairobi ikivuka mpaka huenda ikaona maegesho ya magari. Hapa ua ni jiko, ni sebule, na usiku wa Machi ni chumba cha kulala. Humo mwanamke anavua hijabu akijua yuko kwake. Na maghorofa yanavyozidi kuinuka, ukuta wa mabati hauzuii tena jicho lililofungwa juu. Ukiandika malalamiko, eleza haya yote waziwazi. Anayeyasoma akiwa Nairobi huenda hajui watu hulala nje.

Uanzie wapi? Anza kwa jirani mwenyewe, baada ya salamu na kujuliana hali, na umwombe akuonyeshe kwenye simu yake kamera ile inaona nini hasa. Wakati mwingine utakuta imeelekea ukutani, ugomvi ukaisha palepale. Ikiwa inaona ua, mwombe aigeuze. Akikataa, mwandikie barua fupi na ubaki na nakala. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga isishughulikiwe, na kutaka iliyo ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Kwa kanuni za 2021, ombi la kuiona lapaswa kujibiwa ndani ya siku 7.

Wazee wa mtaa na imamu wasipuuzwe. Ibara ya 159 inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na mzozo wa kamera, tofauti na makosa ya jinai yanayofichwa kwa jina la maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, unafaa kabisa kukaliwa chini ya mti. Mtu aliyelelewa na adabu ya kubisha hodi hahitaji wakili amweleze kwa nini kuchungulia ua wa watu ni aibu. Ila usipeleke kesi hii kwa Kadhi ukitarajia amri: Ibara ya 170 imempa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, basi.

Suluhu ikishindikana, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu 2020. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaruhusu malalamiko ya mdomo au ya maandishi, na uchunguzi unapaswa kumalizika ndani ya siku 90. Unaweza pia kudai fidia. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule ya Roma shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera shilingi milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Kesi hizo hazikuwa za kamera za nyumbani, lakini zimeonyesha kwamba sura ya mtu ina mwenyewe.

Jambo moja tu usifanye: kuirushia jiwe. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na kamera yenyewe itakuwa shahidi.

Sasa nigeukie anayenunua. Mwulize fundi kuhusu lenzi kabla ya bei. Ya milimita 2.8 inaona upana wa takriban nyuzi 100, ndiyo maana ikiwekwa pembeni mwa ukuta inameza ua wa jirani. Kwa lango, ya milimita 4 au 6 inatosha na inaonyesha sura vizuri zaidi. Ifunge chini ya paa ikitazama chini, si juu ya nguzo. Mifumo mingi inakuruhusu kuifunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi: funika upande wa jirani, kisha mwite aone. Zima maikrofoni. Kamera inayojigeuza huku na huku iepuke kama umezungukwa na nyua za watu, kwa sababu hakuna atakayeamini kwamba hukuigeuza. Badilisha nywila ambayo kamera ilikuja nayo kutoka kiwandani, na usimwachie fundi njia ya kuingia.

Mwenye ploti, lojing au duka hana kinga ya kifungu cha 51. Anayeendesha kamera za ulinzi kwa biashara anapaswa kujisajili kwa Kamishna hata kama biashara ni ndogo. Abandike pia tangazo langoni ili wapangaji na wateja wajue, kwa Kiswahili na Kisomali nikishauri mimi. Mfanyakazi wa nyumbani naye aambiwe kamera ziko wapi. Chooni na bafuni, kamwe.

Ukinasa mwizi, usimrushe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukikosea sura, umemchafulia mtu jina, na huko nje ghadhabu haingoji mahakama. Peleka picha kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ili ikubalike mahakamani, rekodi inahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilivyotolewa na kwa mashine gani, kwa hiyo mwambie afisa ni nani aliyeitoa. Na fanya hivyo siku ileile: mashine nyingi za kurekodia hujifuta zenyewe diski ikijaa, na kesi ikifika huenda hakuna kitu.